Sanduku la Upepo la Fundi Boazi

Baba Mdogo Boazi aliwahi kuniambia hivi: "Kitu kinachoanguka huwezi kukifukuza ukakitazama vizuri. Kinakuzidi mbio. Basi kitu kikae palepale, upepo ndio ukimbie."

Maneno hayo nikiyakumbuka darasani, mwalimu hunikuta nimeduwaa. Maana ni kweli kabisa! Jiwe likianguka, hewa inalipita kutoka chini kwenda juu. Ukilining'iniza jiwe hilohilo kwa uzi, kisha ukalipulizia hewa, ni jambo moja. Jiwe lenyewe halijui tofauti. Aliyewaza hayo alisoma darasa la pili tu la misheni, alikaa Isansa katikati ya mibuni, na watu walimwita Fundi Gunzi.

Naandika habari zake kwa sababu mama mdogo Tabita, aliyekuwa mke wake, tumemzika mwezi wa tatu mwaka huu wa 1956. Yako mambo ambayo sasa hayawezi tena kumuumiza.

Baba Mdogo ni mtoto wa mfua chuma. Babu yangu alikuwa akiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri la udongo refu kuliko mtu, lenye matundu chini pande zote. Tanuri lile lilivuta upepo lenyewe. Babu akikaa kando yake aliweza kusema tundu gani limeziba kwa kusikiliza tu. Na lilikuwa na miiko. Siku za kuyeyusha, fundi halali nyumbani. Mwanamke hapiti karibu, wala haambiwi lolote la kazi ile. Mke akiuliza, "Mmeshindaje huko?" anajibiwa, "Salama," basi. Walisema neno la tanuri likifika jikoni, chuma kinakataa kutoka.

Halafu majembe ya dukani yakaja, mepesi na tayari yametobolewa, na tanuri likaota nyasi. Boazi alikuwa bado kijana. Alichorithi kwa baba yake ni viwili: sikio la kusikia upepo, na mdomo wa kufunga kazi ikianza. Hicho cha pili ndicho kilichomponza, ingawa yeye mwenyewe hakujua kama amekibeba.

Wakati wa vita alipelekwa Bama, mbali huko Asia, kupigana na Wajapani. Huko msituni chakula chao kilitupwa kutoka kwenye ndege, na magunia mengine yalikuja bila mwamvuli wowote. Mengi yalipasuka. Moja lilimwangukia mpishi wao, akafa papo hapo na sufuria mkononi. Wenzake walipolia, Boazi alilia pia, lakini macho yake yalikuwa juu. Aliona kwamba gunia lililochanika mdomo, likawa linaburuta kipande cha kitambaa nyuma, lilishuka limenyooka, wakati lililofungwa vizuri lilipinduka-pinduka njia nzima. Alikaa na jambo hilo kichwani mpaka alipoachiliwa jeshini, akarudi nalo nyumbani pamoja na blanketi na koti.

Mwaka wa arobaini na saba alimwoa Tabita, binti wa Kinamwanga kutoka kijiji kimoja karibu na Tunduma. Mama yake Tabita, Bibi Nesta, hakumpenda sana mkwe huyu Mnyiha. Bibi Nesta alikuwa mjane mwenye ulimi. Marehemu mumewe alimwachia mizinga ya nyuki, binti mmoja, na mtoto mmoja wa kiume, Danford. Asali yake aliitia katika vibuyu alivyovifunga shingoni kwa kamba ya magome, nyeusi na nyekundu, msuko wake mwenyewe. Tunduma nzima ukiiona kamba ile unajua asali ni ya nani.

"Wanaume wenzako wanapanda kahawa," alimwambia Boazi siku alipokuja Isansa kumwona binti yake, "wewe unachezea magunzi."

"Nayatazama tu, mama."

"Gunzi lina nini la kutazamwa? Mahindi yalikwisha kuliwa!"

Tabita alicheka mpaka akakaa chini. Ni kweli alikuwa akichezea magunzi. Kila mtoto wa Isansa anajua mchezo ule: unachomeka manyoya matatu ya kuku kwenye gunzi, unalirusha juu, na hata ulirushe kinyumenyume, likirudi linatanguliza gunzi na manyoya yanafuata. Sisi tulicheza tukaacha. Yeye alikuwa na miaka zaidi ya thelathini na hakuacha. Alitaka kujua kwa nini.

Danford, shemeji yake, alipata kazi ya kulinda nzige. Kazi yenyewe ni kutembea katika mbuga za bonde la Rukwa kutafuta mahali tunutu wanapoanguliwa, kabla hawajaota mabawa wakaja kula nchi. Wakati wa mvua bonde lile ni maji na udongo mweusi unaomeza mguu mpaka gotini. Kambi ya walinzi inabaki juu ya mwinuko kama kisiwa, na njia ya kuwapelekea chakula ni ya angani tu. Walitandika vitambaa chini ili rubani avisome: cheupe, chakula kimekwisha, chekundu, tuna mgonjwa.

Rubani alikuwa Bwana Kelloway, mwenye ndege moja ndogo na uwanja wa nyasi kando ya njia kuu ya kwenda Tunduma. Boazi aliandikwa kwake kama fundi wa bati. Bwana Kelloway alikuwa akitupa mifuko ya unga hivihivi tu, kwa kuwa miamvuli hakuwa nayo, na mifuko ilifika kama ile ya Bama. Danford alipopata likizo alimsimulia dada yake jinsi walivyokuwa wakichota unga kwenye tope kwa sahani.

Siku hiyo Tabita hakucheka. Alimwambia mumewe, "Fundi, ndugu yangu anakula udongo. Wewe unajua habari za vitu vinavyoanguka. Fanya kitu."

"Nitafanya."

"Usiseme tu nitafanya. Mama ana mtoto wa kiume mmoja."

Ndipo Boazi akaanza. Aliunganisha madebe mawili ya mafuta ya taa, akayapa kichwa cha mviringo mbele na mkia mwembamba nyuma, akaupigilia mapezi manne ya bati. Watu wa uwanjani walikiita chombo hicho samaki. Samaki wa kwanza alipotupwa, alipinduka mara nne kabla hajagusa ardhi.

"Boazi!" Bwana Kelloway alipiga kelele kwa Kiswahili chake. "Hapana mzuri! Yeye nageuka-geuka kama mlevi!"

Karani wake, Asajile, Mnyakyusa aliyeona mzaha katika kila kitu, akasema, "Fundi, mfunge jogoo hai mkiani. Akiona anaanguka atapiga mabawa mwenyewe."

Boazi aliwaza jambo lingine. Huwezi kuwa unatupa samaki mmoja kwa siku, wakati ndege ina kazi nyingine, halafu ukajifunza kitu kwa ule muda mfupi unaomwona akianguka mbali. Hapo ndipo akasema lile neno lake la upepo kukimbia. Kwenye shamba moja la mzungu palikuwa na mashine mbovu ya kupepetea kahawa imetupwa nyuma ya ghala. Aliomba pangaboi lake la kuzungushwa kwa mkono. Nyuma ya nyumba yake, ndani ya ua wa matete, akatengeneza kwa mbao za masanduku ya vipuri sanduku refu kama jeneza, wazi huku na huku. Upande mmoja akaweka pangaboi, na ubavuni kidirisha cha kioo alichotoa kwenye fremu ya picha yake ya uaskari.

Mwanzoni sanduku halikufaa. Upepo uliingia unazunguka, na kila alichokining'iniza mle kilicheza ngoma. Alikaa siku mbili akisikiliza, kama babu alivyosikiliza tanuri. Kisha akakata vipande vya matete, vifupi, mamia, akavipanga na kuvibana kama sega la nyuki kuziba upana wote wa sanduku mbele ya pangaboi. Upepo ukalazimika kupita katika vijitundu vile, ukatoka upande wa pili umenyooka. Alichoma nyasi mbichi akauona moshi unapita sandukuni kama nyuzi zilizotandazwa. Mimi nilipoonyeshwa moshi ule baadaye, nilisahau hata kupumua.

Samaki wa majaribio aliwachonga kwa mwanzi, urefu wa kiganja, wenye uwazi ndani. Kila mmoja alimweka kwanza juu ya ukingo wa kisu mpaka alale sawa bila kuegemea upande. Mahali hapo ndipo alipofunga uzi. Akazungusha mpini, vuuuu, akatazama kwenye kioo. Mwanzi usio na mapezi ulizunguka ovyo. Wenye mapezi madogo ulitikisa mkia bila kukoma. Wenye mapezi makubwa ya bati zito ulikuwa mbaya kupita yote. Kisha akatia mchanga kichwani mwa mwanzi, akabadilisha mapezi yakawa ya bati jembamba, akazungusha. Samaki akageuka, akaukabili upepo, akatulia tuli kama mbwa aliyenusa kitu. Boazi akamsukuma kwa kijiti. Akarudi palepale mwenyewe.

Halafu akafanya jambo ambalo naomba mlikumbuke. Aliutoa mchanga kichwani akautia mkiani. Mapezi yalikuwa yaleyale. Samaki akapinduka, akageuza mgongo, akawa anatikisika kama mgonjwa wa homa. Boazi akaandika kwa chokaa ukutani: KICHWA KIZITO. MKIA MTUPU.

Aliyaeleza hayo kwa Bwana Kelloway. Aliyaeleza kwa Asajile. Kwa Tabita hakuyaeleza. Tabita alipomletea uji alisimama nje ya ua wa matete, akaita.

"Unafanya nini humo?"

"Kazi."

"Kazi gani inalia vuuu kutwa nzima?"

"Ya upepo."

"Haya bwana. Huo upepo wako usije ukapoza uji." Akauweka chini, akaondoka akicheka.

Hakumfukuza, wala hakumkataza kuingia. Ni vile tu kazi ilikuwa inapumua, na mtoto wa mfua chuma alifunga mdomo. Niliwahi kumwuliza, "Baba Mdogo, ulikuwa unaamini kweli upepo utakataa?" Alifikiri sana. "Sikuwa naamini," akasema. "Nilikuwa nimezoea."

Majaribio ya kweli yalifanywa mara tatu juu ya uwanja. Kichwani mwa samaki walijaza mchanga wenye unyevu, ili uwe mzito na pia umeze kishindo. Katikati waliweka mayai ndani ya pumba za kahawa. Mkiani nyasi kavu tu, za kuzuia mzigo usitembee. Samaki wote watatu walishuka wamenyooka kama timazi la mwashi, wakajikita ardhini kwa kichwa, puu! Katika mayai sita lilivunjika moja. Asajile aliyachemsha matano akayala yote, akasema anahakiki ripoti. Bwana Kelloway alimpiga Boazi begani, akaahidi kwamba msimu ule wote samaki atawaunda yeye, na barua ya kumfanya fundi mkuu itakuja. Kwa wiki tatu hakuna aliyemwita Fundi Gunzi.

Mwezi wa pili mwaka wa hamsini na moja, Bwana Kelloway aliona vitambaa viwili vyekundu kambini, yaani mgonjwa yuko hatarini. Siku iliyofuata akafika mjumbe aliyevuka maji siku nne. Mgonjwa ni Danford, akasema. Ana homa, na mkojo umekuwa mweusi.

Mawingu yalikuwa yamelala juu ya bonde. Bwana Kelloway alisema anaweza kupenya mara moja, asubuhi ya kesho, baada ya hapo hajui. Dawa zikaletwa usiku huohuo katika chupa ndogo, na sindano. Asubuhi mapema Boazi alimsimamisha samaki uani, kichwa ndani ya shimo alilochimba, mkia juu. Akatia mchanga, akazungushia chupa blanketi, akaweka juu yake unga kidogo, akajaza nyasi kavu mpaka juu, akafunga mfuniko wa mkia kwa pini. Kisha akatembea kwenda barabarani kumwelekeza Asajile aliyekuwa anakuja na gari. Hakukaa huko hata nusu saa.

Katika nusu saa hiyo Bibi Nesta alifika. Alikuwa ameondoka Tunduma jana yake aliposikia habari, akalala kwa jamaa njiani. Begani alikuwa na kibuyu cha asali.

Yaliyotokea hapo ameyasimulia Bibi Nesta mwenyewe, misiba yote, kwa watu wote. Kwake si siri. Ni kitu anachojivunia.

"Ndicho chombo kinachokwenda kwa Danford?" aliuliza.

"Ndicho, mama."

Tabita alichomoa pini, akafungua. Wakaona nyasi.

"Nyasi?" Bibi Nesta akashangaa. "Mwanangu anaumwa, mumeo anampelekea nyasi? Amekuwa mbuzi?"

"Labda kazibia tu, mama. Nafasi ilibaki."

"Nafasi ikibaki ndiyo unaijaza! Nani kwetu aliwahi kumpelekea ndugu kapu nusu?"

Na ni kweli, kwetu hakuna. Kapu likienda kwa ndugu linajazwa mpaka ukingoni, na likirudi halirudi tupu. Hata likikosa kitu, linatiwa viazi viwili. Tabita alizitoa nyasi, akakitia kibuyu, kizito, kimejaa hadi shingoni. Pembeni akamimina karanga ili kisitikisike. Juu akarudisha nyasi kidogo. Akafunga pini vizurivizuri, akaweka kiganja juu ya mfuniko, wakamwombea Danford wote wawili.

Gari likaja. Boazi na Asajile walimpandisha samaki wamemlaza ubavu.

"Samaki wako leo kanenepa," Asajile akasema.

"Ni mchanga, umelowa," Boazi akamjibu. Wingu lilikuwa linashuka. Hakufungua.

Bwana Kelloway alirudi uso mwekundu. Alisema samaki alitoka vizuri, kisha akageuka, akapinduka tena na tena mpaka chini, akapiga mwinuko kwa ubavu akapasuka. Aliwaona walinzi wakikimbia kuokota, maji yakikimbia mbele yao. Mawingu yakafunga bonde siku sita. Danford alikufa siku ya tatu.

Luka, mlinzi mwenzake, ndiye aliyepanda milima akiwa amebeba habari ya kifo, blanketi la marehemu, na mkia wa samaki uliovunjika, kwa sababu Bwana Kelloway aliagiza auone. Boazi alimkuta kwenye kijito chini ya Isansa, akinywa maji. Walishikana mikono. Kisha Boazi akauchukua ule mkia na kutazama ndani.

Ulikuwa umejaa sisimizi. Walikuwa wameganda kwenye kitu cheusi kinachonata, na katikati palikuwa na vigae vya kibuyu, na shingo ya kibuyu, na kwenye shingo kamba ya magome. Nyeusi na nyekundu.

Luka ameniambia kwamba Baba Mdogo aliifungua kamba ile. Baada ya muda aliingia majini na ule mkia, akaanza kuusugua kwa mchanga.

"Unaosha nini, fundi?"

"Tope."

"Bwana alisema auone vilevile ulivyo."

"Atauona."

Aliusugua mpaka bati likang'aa. Ile kamba aliitia mfukoni.

Siku hiyohiyo, kabla hajaenda uwanjani, aliingia kwenye ua wa matete peke yake. Alichukua mwanzi wake bora, akaacha mchanga kidogo kichwani, akatia kijiwe kimoja mkiani, akazungusha mpini. Alijua atakachoona. Aliona.

Uwanjani Bwana Kelloway aligeuza mkia huku na huku. "Wewe naweka kitu hapa nyuma?"

"Hapana, Bwana."

"Mtu ingine naweka?"

Asajile anasema hapo Boazi aliyagusa mapezi. "Hapana. Mapezi niliyapinda vibaya. Kosa ni langu."

Aliambiwa akusanye vyombo vyake aondoke. Mimi nashangaa kitu kimoja mpaka leo: msimu ule wote, na misimu iliyofuata, Bwana Kelloway aliendelea kutupa samaki walewale, mapezi yaleyale, kipimo kilekile alichokiandika Boazi kwa chokaa, na wakashuka wamenyooka. Kama mapezi yalikuwa na kosa, mbona hakuyabadilisha? Msomi wa mashine kama yeye hakujiuliza hata mara moja. Ubavuni alipaka rangi jina la kampuni yake.

Bibi Nesta hakungoja arobaini. Alikuja na kaka zake wawili, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Mkwe, nimekuja kuchukua kilichobaki changu. Kimoja umeniulia kwa samaki wako. Hiki nakipeleka nyumbani."

Boazi alikuwa amesimama karibu na kizingiti.

"Sema!" Bibi Nesta akapiga kelele. "Kwa mabati una mdomo, kwa watu huna?"

Tabita akamwomba mama yake anyamaze kidogo. Alikuja akasimama mbele ya mumewe, karibu kabisa. "Fundi. Watu wanasema mengi. Bwana anasema, Asajile anasema. Mimi nataka kwako. Ulikosea kweli, au kuna jambo lilitokea?"

Haya ameniambia Baba Mdogo mwenyewe, na alipofika hapa alisimama akaenda kuchungulia nje kana kwamba kuna mtu amebisha hodi. Alisema mkono wake ulikuwa mfukoni, umeishika ile kamba. Alisema ilitosha kuitoa tu. Hata kusema asingehitaji. Angebaki na mke, angebaki na jina, Bwana angemrudisha kazini kesho yake. Na yule mwanamke aliyesimama mbele yake angejua, mpaka kufa kwake, kwamba alimfungia ndugu yake kifo kwa mikono yake na kukiombea.

"Nilikosea," akasema.

Tabita alirudi nyuma hatua moja. "Nilikwambia mama ana mtoto wa kiume mmoja," akasema. Akaingia ndani, akatoka na nguo zake kwenye kitenge, akapita. Kwenye njia ya mibuni hakugeuka nyuma.

Alikaa kwa mama yake, baadaye kwa jamaa zao upande wa Nakonde, akaolewa tena, hakubahatika kupata mtoto. Baba Mdogo hakuoa. Alirudi kufua majembe na kuziba sufuria. Watoto walimwimbia njiani, "Fundi Gunzi, samaki kaenda wapi?" na siri ya aibu ni kwamba hata mimi niliwahi kuimba, nikiwa na miaka kumi.

Mwaka huu Tabita aliugua kifua akafa. Tulikwenda kumzika kwao. Baba Mdogo alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Zamu ya kutupa udongo ilipofika akasogea, na Bibi Nesta, ambaye sasa anatembelea fimbo, akainyoosha fimbo ile mbele yake kumzuia.

"Wewe hapana. Hawa wote wawili wamekufa kwa ajili yako." Kisha akaanza kulia na kuyasema yale anayoyasema misibani. "Mwanangu alikufa ananingoja mimi. Niliweka kibuyu kizima, kwa mikono yangu na mikono ya huyu mnayemfukia! Asali safi! Hata tone hakuonja, kwa ajili ya mtu huyu!"

Watu wakamtazama Boazi. Baba Mdogo akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama," akasema, akarudi nyuma.

Njiani kurudi Isansa nilimuuliza maswali mengi, mengi mno. Tulipofika nyumbani aliniongoza mpaka kwenye ua wa matete, akaondoa magunia. Sanduku lilikuwepo, buibui amelijaza. Alilipangusa, akamfunga samaki wa mwanzi, akazungusha mpini, akaniambia nitazame. Samaki akaukabili upepo akatulia. Kisha akafungua mkia, akatia kijiwe, akazungusha tena. Alipoona nimeelewa nusu, akatoa mfukoni ile kamba nyeusi na nyekundu, akaiweka juu ya sanduku. Nikaelewa yote. Nililia, na yeye hakulia.

"Kwa nini hukumwambia hata Bibi Nesta leo? Tabita ameshakwenda!"

"Amebaki nani wa kuibeba siri hii?" akaniuliza. "Mama na mkongojo wake? Mkwe mbaya anabebeka. Unamtukana, unalala. Lile lingine halibebeki."

"Lakini kosa si lako, Baba Mdogo."

"Nilimwambia Bwana mkia uwe mtupu. Nilimwambia na karani. Mke wangu alisimama hapo," akanionyesha pale nje ya matete, "ameshika uji, akaniuliza kwa mdomo wake. Ningemwambia neno moja."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Alifikiri, akasema niandike, kwa kuwa Bibi Nesta hajui kusoma.

Basi nanyi mnaojua kusoma, nawaomba. Mkipita upande wa Tunduma, mkamkuta bibi mwenye fimbo na vibuyu vimefungwa kamba ya rangi mbili, atawaonjesha asali yake, na kabla hamjamaliza kulamba vidole ataanza kuwasimulia habari za mkwe wake aliyemuulia mwana. Onjeni. Semeni ni tamu, maana ni tamu kweli. Mwacheni amtukane Boazi mpaka achoke, wala msimjibu kitu.